Jina Unaloitikia, Ngoma Unayoinukia

Hotuba mbele ya wazazi, vijana na kamati za harusi, Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mlioshuka kutoka Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na mliopanda basi Arusha alfajiri ili muwahi, aika mbe, yaani asanteni, kwa kufika. Mada mnaijua: jina, ngoma, na uhuru wa mtu.

Wapo waliouliza pale mlangoni jina na ngoma vinakutana wapi. Vinakutana mwilini. Mtu akiitwa jina lake, kichwa hugeuka kabla hajafikiri. Ngoma ikilia, bega hutikisika kabla hajaamua. Vyote viwili tunavikuta. Hakuna aliyejipa jina tumboni mwa mama yake, wala aliyechagua mdundo wa kwanza aliousikia akiwa kwenye mbeleko. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu yuko huru ndani ya nyumba yake, tazama anaitwaje na kama jina hilo analikubali. Kisha tazama siku ya sherehe, muziki ukishika kasi: je, anaweza kuinuka bila kuogopa midomo ya watu, na anaweza kubaki kitini bila kusimangwa? Ibara ya 15 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru. Tumezoea kuyaacha maneno hayo mahakamani. Leo tuyalete sebuleni na ukumbini.

Tuanzie Unguja. Kijijini Fumba, karibu na mwaka 1880, alizaliwa binti akaitwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897. Binti huyo aliuza vyungu, akahamia mjini, akajifunza kuimba, na huko mjini akaitwa Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri za Kiswahili, na sauti yake ikavuka pwani ikafika bara. Waliomwonea kijicho walimtungia beti za kumkumbusha alikotoka. Lakini angalieni jina lake lilivyobaki: binti Saad halikuguswa. Baba hakukanwa, nasaba haikufutwa. Lililoondoka ni neno moja, lile lililomfunga. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu kijana anayetaka kubadili jina mara nyingi hudhani lazima abomoe nyumba nzima, na mzee anayemkatalia hudhani nyumba nzima ndiyo inayobomolewa.

Mfano mwingine tunao hapa hapa. Mawingu yakifunguka mtauona dirishani: Mlima Kilimanjaro. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, na Meyer akakipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Watu walioishi chini ya mlima hawakuulizwa. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha huko juu mwenge na bendera, na leo mtu akipanda hupanda kwenda kilele cha Uhuru. Urefu unaoandikwa pale, mita 5,895, hauongezwi wala haupunguzwi na jina. Ila anayeita amekuwa mwingine.

Na mji wenyewe tuliokaa! Moshi ilikuwa kule juu, nchi ya Mangi Rindi, mtawala wa Kichaga, na mwanawe Meli. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, Wajerumani waliuita mji wa stesheni Moshi Mpya. Mji ukakua, neno "mpya" likadondoka njiani, na wale waliokuwa na jina tangu mwanzo ndio wakaongezewa kivumishi: Old Moshi. Jina likichukuliwa bila makubaliano, mwenyewe ndiye hulazimika kujieleza.

Sasa majina ya watoto wetu. Uchagani desturi inajulikana: mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hufuata bibi zao kwa mpango huo huo. Kwa Wamasai na Waarusha jina hubeba dua: Naserian ni amani, Namelok ni utamu, Nashipai ni furaha, Lemayian ni baraka, na "ole" huunganisha mwana na baba yake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipoeneza injili kwenye mlima huu, watu walichukua Eli, jina la Mungu la Kiebrania, wakaliunganisha na maneno yao wenyewe. Ndipo tukapata kina Aikaeli, Elibariki na Elirehema. Upande wa Wakatoliki, Kilema ambako misheni ilianza mwaka 1891, Kibosho na Rombo, kalenda ya watakatifu ikatupa kina Proches, Epimaki na Deogratias. Kiingereza nacho kikaleta Godlisten, Praygod, Happiness na Lightness.

Wapo watu wa mikoa mingine wanaoyacheka majina haya ya Kiingereza, na wapo vijana wetu wanaoyaonea haya wakifika chuo. Msiyaonee haya. Godlisten ni sala nzima ndani ya neno moja. Lightness ni mzazi aliyetaka kusema nuru akaisema kwa lugha aliyoisikia shuleni au kanisani. Baba wa Taifa mwenyewe alianza maisha na jina la Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, akiwa mtu mzima, kwa akili yake timamu, na hakuona sababu ya kulitupa la kwanza.

Lakini yapo majina ambayo tunawasihi wazazi wayafikirie mara mbili. Shida. Tabu. Mashaka. Matatizo. Mara nyingi jina la namna hii ni barua ambayo mama aliiandika kwa mume au kwa mawifi, kisha akampa mtoto aibebe maisha yake yote. Mume amekufa, mawifi wamezeeka, mtoto bado anaitwa Matatizo kwenye foleni ya benki. Yapo pia majina mabaya yaliyotolewa kwa mapenzi, pale watoto waliotangulia walipofariki, ili huyu aonekane hana thamani na asitamaniwe na kifo. Hayo tuyaheshimu, na aliyelizoea jina lake na kulipenda asilazimishwe kulibadili kwa sababu sisi halitupendezi. Kwa mtoto anayezaliwa leo, kisa cha uchungu kisimuliwe kwa mdomo akikua. Asikivae kama sare.

Kabla jina halijaandikwa popote, lipitisheni kwenye mtihani wa nyumbani. Mtu mmoja alitamke lote, majina matatu, akiwa ng'ambo ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, mwingine asikilize kama anasikia neno lile lile. Kisha mpigieni simu ndugu asiyelijua, mtajieni, mwambieni aliandike. Akiandika vingine, mjue karani naye ataandika vingine. Kwetu huku makosa yanarudi pale pale: R na L, Elirehema ikawa Elilehema, herufi mbili kuwa moja, Massawe ikawa Masawe, Mallya ikawa Malya, I na Y, na mwisho wa jina la Kiingereza, Happiness ikaandikwa Happines. Chagueni tahajia moja, iandikeni kwenye karatasi, iwekeni ndani ya kadi ya kliniki kabla ya siku ya kujifungua. Muuguzi wa zamu ya usiku asipoambiwa jina ataandika "mtoto wa" fulani, naye hana kosa.

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake, na inamwachia mzazi au mlezi kazi ya kumwandikisha. Muda wa kawaida wa kuandikisha kizazi ni siku 90. Ukichelewa bado inawezekana, ila utaombwa vielelezo zaidi. Hospitali hutoa tangazo la kizazi. Hiyo karatasi si cheti, ni ushahidi wa kukupatia cheti, na wengi huiweka kabatini wakidhani wamemaliza. Ukipewa cheti, usiondoke dirishani. Soma herufi moja moja: jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe, mahali. Kosa linalosemwa siku ile ile hurekebishwa na karani. Likisemwa baada ya miaka 18, linahitaji wakili.

Mgongano mkubwa wa kaskazini ni jina la tatu. Familia moja, baba mmoja, mama mmoja: mtoto wa kwanza ameandikishwa kwa jina la ukoo, wa pili kwa jina la babu, wa tatu mwalimu aliandika majina mawili tu. Siku ya mirathi au ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, ndugu hao kwenye karatasi si ndugu. Kaeni kikao kifupi, mume na mke, kabla ya mtoto wa kwanza, mwamue: jina la mwisho katika nyumba hii ni la ukoo au la babu. Lolote ni jema. Kuchanganya ndiko kunakoponza. Na jina linaloingia shuleni darasa la kwanza lilinganishwe na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ndilo litakalotembea hadi kwenye usajili wa mitihani, na lililopelekwa Baraza la Mitihani ndilo litakalochapwa kwenye cheti. Kabla ya usajili wa darasa la saba, wa kidato cha pili na wa kidato cha nne, shule huwapa wanafunzi orodha waihakiki. Mzazi aombe kuiona. Ni dakika tano.

Kwa aliyekwisha kukwama, zipo njia mbili, na watu huzichanganya. Ikiwa mtu ni yule yule na tofauti ni ya uandishi tu, mfano Masawe na Massawe, mara nyingi inatosha hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ikisema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hiyo haibadili jina, inaunganisha. Ikiwa mtu anataka kweli kuacha jina moja na kushika jingine, inahitajika hati ya kubadili jina, ambayo wakili huiandaa na husajiliwa kwa Msajili wa Hati, chini ya wizara ya ardhi. Baada ya hapo fuateni mpangilio. Kitambulisho cha Taifa kwanza, kwa sababu laini ya simu, benki, namba ya mlipakodi na leseni vyote vinasoma huko. Anayeanzia benki hurudishwa. Na hapo hapo kagueni namba yenyewe ya NIDA: ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikitofautiana na cheti chako, jambo hilo lishughulikie leo, usingoje kustaafu.

Neno kwa wanaoolewa. Mshereheshaji akishatangaza "Mheshimiwa Bibi fulani" kwa jina la mume, ukumbi mzima hudhani sheria imesema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Anayelitaka alichukue kwa furaha, akijua ana kazi ya kubadili karatasi zote tulizozitaja. Asiyelitaka abaki na la kwao, na ndoa yake ni ndoa kamili. Kamati ya harusi imuulize bibi harusi wiki moja kabla: siku hiyo utangazwe vipi? Swali hilo halijawahi kuvunja ndoa.

Na majumbani, tuangalie hili la Mama Fulani. Ni heshima tamu kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Lakini yuko aliyefiwa na mtoto huyo, na kila mkimwita mnamgusa kidonda. Yuko ambaye hajajaliwa, na mgeni anamuuliza "mama nani?" mbele ya watu. Yuko ambaye amekaa miaka 20 bila kusikia jina lake mwenyewe likitamkwa na mume wake. Ni vizuri kumuuliza mtu: unapenda nikuiteje? Vivyo hivyo na utani. Sisi na Wapare ni watani, na utani ni mali ya thamani. Majina ya utani kama Mangi na Manka yataendelea kuitwa dukani. Kipimo chake ni chepesi: mwenyewe anajitambulisha nalo? Analitaja akicheka? Kama anajibu huku ameinamisha kichwa, utani umeisha zamani, ninyi ndio hamjui.

Sasa tuingie uwanjani. Waliozijua bendi za dansi za nchi hii wanajua kwamba bendi ilikuwa na jina la kwenye bango, na ilikuwa na jina la uchezaji wake, mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic ya Tanga Kiweke, Tabora Jazz Segere Matata, Mlimani Park, walioanza mwaka 1978, Sikinde. Bango mara nyingi lilikuwa la mwenye vyombo. Mtindo ulikuwa wa wachezaji. Chukueni bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964: ikaitwa NUTA Jazz, chama kilipobadilika ikawa JUWATA, kikabadilika tena ikawa OTTU. Mtindo wake, msondo, jina la ngoma ya unyago, haukubadilika hata siku moja, na mwisho bendi yenyewe ikachukua jina hilo: Msondo Ngoma. Jina la ofisi lilipita, la wachezaji likabaki.

Arusha nayo ina sehemu yake. Wilson na George Kinyonga, ndugu kutoka Tanga waliopigia Jamhuri Jazz, walifika Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakajiita Les Wanyika. Walihama, walitengana, na bado msikilizaji akisikia lile gita la rithimu anajua ni watu wa nyumba gani. Walifanya kama Siti: kipande cha jina kilibaki.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili, na anayezijua hachoki. Mwanzo ni taratibu, waimbaji wanasimulia. Hapo miguu inasogea kidogo, mabega yametulia, na mkiwa wawili mnatembea pamoja tu. Kisha magita yanachukua nafasi, mwendo unapanda: hilo ndilo chemko. Kosa linaloonekana kila Jumamosi ni mtu kumaliza nguvu zote kwenye ubeti wa kwanza. Chemko likifika anatafuta maji. Kosa jingine ni la dijei, anayekata wimbo kabla ya chemko kwa kuhofia watu wamechoka. Wimbo uliokatwa hapo ni ugali ulioepuliwa haujaiva.

Kwa ajili ya wasiojiamini, harusi zetu zina kwaito, uchezaji wa safu, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji mwenzi wala ombi la mtu. Ipo mitindo mingi. Huu mmoja mtu huweza kuushika ndani ya robo saa. Simameni kwa safu, kila mmoja akiwa na nafasi ya mkono ulionyoshwa pande zote. Hesabu ni 16. Nne kwenda kulia: kulia, unganisha, kulia, gusa kwa mguu wa kushoto. Nne kwenda kushoto kwa namna hiyo hiyo. Nne kurudi nyuma: kulia, kushoto, kulia, gusa. Nne kwenda mbele: kushoto, kulia, kushoto huku unageuka robo duara upande wa kushoto, gusa kwa kulia. Anza tena. Baada ya mizunguko minne mnatazama tena mlikoanzia. Ihesabuni mara mbili bila muziki, kisha wekeni wimbo usio wa haraka, kama mapigo 100 hadi 110 kwa dakika.

Inapoharibika, huharibika kwenye kugeuka. Wanaojua wote wamepangwa mbele. Safu ikigeuka mara moja, mbele imekuwa pembeni, na wanaojifunza wanatazama ukuta. Wekeni mtu mmoja anayejua kwenye kila kona ya safu, wanne wanatosha ukumbi mzima. Hatua ziwe fupi, kwani hatua ndefu ndizo zinazokanyaga shela. Wenye viatu virefu wavivue kabla, na kamati iweke kapu la viatu karibu na meza ya keki, si katikati ya njia. Sakafu ikimwagikiwa soda au mbege, pombe yetu ya ndizi, ipigwe deki papo hapo, kwa sababu vigae na unyevu vimevunja nyonga za mama zetu. Na kati ya meza na uwanja acheni nafasi ya mita moja na nusu mahali pamoja, mwenye kiti cha magurudumu aingie na kugeuka. Yeye naye ana mabega na mikono ya kuchezea.

Adumu, ngoma ya kuruka ya Wamasai na Waarusha, tumeizoea hata tunaidharau, tukidhani ni kuruka tu. Waimbaji husimama nusu duara wakimfuata olaranyani, kiongozi wa wimbo. Mmoja au wawili huingia katikati. Mwili huwa wima, mikono imelala ubavuni, na kisigino hakigusi ardhi kati ya mruko na mruko. Nguvu inatoka kwenye kifundo cha mguu na shavu la mguu. Kadiri anavyopanda, waimbaji nao hupandisha sauti. Hutoka kabla hajachoka, na mwingine huingia. Wageni wetu hukosea kwa kukunja magoti sana na kutupa mikono, wakashuka kwa uzito wote juu ya zege. Ikichezwa ukumbini, ichezwe juu ya zulia nene au nje kwenye nyasi. Kuna adabu moja pale ambayo napenda kamati zote ziige: kuingia katikati ni kwa wakati wako, kwa miguu yako.

Sisi kwenye kumbi zetu tunafanya kinyume. Mshereheshaji anashika kipaza sauti: "Nataka wote wasimame! Anayebaki kakaa hakutoa mchango! Anayebaki kakaa ana kinyongo na maharusi!" Kisha shangazi anavutwa mkono. Hamjui kwamba ana arobaini ya mdogo wake wiki hiyo. Yule dada ana mimba ya miezi miwili na hajamwambia mtu. Yule kaka dhehebu lake halichezi. Yule mzee ana goti. Na yuko asiye na sababu yoyote: hataki tu, na hiyo ni sababu kamili. Washereheshaji mliopo, nawaomba mbadili sentensi moja: badala ya kuamuru watu wasimame, semeni uwanja uko wazi, na walio kwenye viti tunaomba makofi. Mtashangaa wangapi watainuka. Hiari yashinda utumwa.

Anayemwomba mtu wacheze, anyoshe mkono kiganja kikiwa juu, asimame hatua moja mbali, asubiri. Akijibiwa "asante, nipo," ashukuru aondoke. Asirudi mara ya tatu, asiulize kwa nini. Kucheza wimbo mmoja si ahadi ya wimbo wa pili, wala ya namba ya simu. Kutunza nako kuna utaratibu. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa ni heshima, kwa hiyo noti iwekwe mkononi, au kwenye sinia linaloshikwa na ndugu wa upande wake. Isichomekwe kwenye nguo ya mtu, hata kama mnafahamiana, hata kama muziki umepanda. Na kabla ya kumrekodi binti anayecheza na kumpeleka mtandaoni, muulize. Alicheza kwa ajili ya dada yake, hakucheza kwa ajili ya nchi nzima.

Wazazi, kwenu nina ombi. Binti akikata mauno vizuri mnasema ni mhuni. Kijana akicheza kwa ulaini mnasema si mwanamume. Halafu mnashangaa mtoto hacheki mbele yenu. Ngoma zilizokuwapo kabla yetu zilifundisha mwili kutulia, kusikiliza, kungoja zamu, kusimama pale mdundo unaposimama. Mtoto anayejua kusimama mdundo unaposimama ameshajifunza jambo kubwa, na mwili wake ameufahamu kuwa ni wake. Mfundisheni pia kusema hapana kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema ndiyo.

Nimechukua muda wenu wa kutosha. Meza mbili za karibu na mlango zina mawakili waliojitolea. Mwenye cheti, kadi ya kliniki au namba ya NIDA avilinganishe hapo kabla hajatoka, na kama kuna tofauti ataelekezwa kama ni ya kiapo au ya kubadili jina. Foleni ya wazee na wenye watoto iko upande wa kulia. Uwanja umepigwa deki, wanne wanaojua kwaito wako kwenye kona, na wimbo wa kwanza ni wa taratibu. Wanaopenda kubaki vitini, chai ya tangawizi inawafikia hapo hapo mlipo.